Maswali kwa Mwalimu: Mtoto anaonewa shuleni

Wiki hii barua ni nyingi na kilio ni kimoja. Wale mnaouliza "nifanyeje, mwanangu anaonewa" bila kusema yuko darasa la ngapi, anaonewa na nani na tangu lini, nimewaruka. Mimi si mpiga ramli.

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko la tatu, wakubwa wa la sita wanamnyang'anya hela ya uji kila siku. Nimemwambia mwalimu wa darasa mara tatu, wapi! Niende mwenyewe nikawatie adabu? – Mama, Mbagala

Marahaba mama. Usithubutu. Siku utakayomzaba kibao mtoto wa mwenzio pale getini, kesi inageuka, mshtakiwa unakuwa wewe, na ya hela ya uji hakuna atakayeikumbuka.

Hizo mara tatu ulimwambiaje? Naweza kuapa moja mlikutana njiani, moja ulipiga simu na moja uliandika kwenye grupu la wazazi. Nimewaambia mpaka nimechoka: grupu la WhatsApp si ofisi. Chukua daftari, andika: Jumatatu, saa nne, nyuma ya vyoo, shilingi 300, fulani na fulani, aliyeona ni fulani. Ikifika Ijumaa mwandikie barua mwalimu mkuu, nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Akikaa kimya, peleka nakala kwa mwenyekiti wa kamati ya shule na kwa afisa elimu kata. Nimekaa kwenye ofisi za walimu miaka ishirini na mbili. Kelele za mzazi tulizisahau kabla hajafika barabarani, lakini barua yenye muhuri ilimfanya mkuu aitishe kikao mchana uleule.

Na huo uji, mlipe muuzaji wa wiki nzima. Mtoto asitembee na hela.

Nimempeleka wangu karate ajitetee. Inatosha? – Baba, Ilala

Atapata mazoezi. Barua bado unadaiwa.

Kijana wangu ni njuka, kidato cha kwanza, shule ya bweni. Wakubwa wanamfulisha nguo zao, usiku wanamwamsha awaimbie. Patroni anasema ndiyo kukua, wote walipitia. – Baba, Dodoma

"Wote walipitia." Hakuna jibu linalonichefua kama hilo. Mlezi akikwambia hivyo amekiri kwamba anajua na amenyamaza. Yaandike maneno yake, uweke na tarehe.

Usisubiri siku ya wazazi. Nenda siku ya kawaida, omba kukaa na mwanao peke yenu chini ya mti, mbali na ofisi. Usianze na "nani anakuonea", maana atakwambia hakuna. Muulize analala kitanda gani, godoro ni lile ulilomnunulia, tranka bado lina kufuli, anaoga saa ngapi. Niliwahi kuwa na mvulana ambaye kila kipindi cha nne alikaa amebana miguu, jasho linamtoka. Nilidhani anaumwa. Kumbe hakuwa ameingia chooni tangu asubuhi, kwa sababu wababe walikuwa wanamsubiri huko. Mimi mwenyewe ilinichukua muhula mzima kugundua, nami ndiye nilikuwa mwalimu wa malezi.

Kisha mwone mkuu wa shule, na barua mkononi. Wahamishwe bweni wale wanaomwonea, asihamishwe yeye kana kwamba ndiye mkosaji. Ikishindikana, bodi ya shule ipo. Kama ameumizwa, pitia polisi upewe PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, umpeleke hospitali. Hali ikiwa mbaya, hospitali kwanza. Pale kituoni uliza Dawati la Jinsia na Watoto. Watakubembeleza myamalize kimyakimya ili jina la shule lisichafuke. Kataa.

Nimeweka picha ya yule mtoto mwonevu kwenye grupu ili wazazi wamjue. Mama yake amenijia juu. Nimekosea? – Mama, Arusha

Umekosea. Futa sasa hivi, ukamwombe radhi. Malalamiko yako yalikuwa ya haki, sasa umempa yeye ya kwake.

Aliyemng'ata mwanangu yuko la pili, ana miaka minane. Nataka polisi wamkamate. – Baba, Tanga

Sheria yetu haimwajibishi kijinai mtoto aliye chini ya miaka 10. Mzee, kaa na wazazi wake.

Mwalimu wa hesabu anamwita binti yangu kilaza mbele ya darasa na kumchapa kila akikosa. – Mama, Singida

Basi mwonevu ni mwalimu. Wenzangu watanuna, wanune. Kanuni za viboko za mwaka 2002 ziko wazi: anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, visizidi vinne, viandikwe kitabuni, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kukosea hesabu si utovu wa nidhamu. Kaombe kuonyeshwa hicho kitabu, uone watakavyobabaika.

Nimeitwa shuleni, anayeonea wenzake ni wangu. Nimemchapa sana lakini habadiliki. – Mama, Morogoro

Ahsante kwa ujasiri, mama. Wenzako huanza kwa kukana. Lakini umemchapa ili aache kupiga, naye anaona mwenye nguvu ndiye anayepiga. Mpeleke kwa aliyemwonea, arudishe alichochukua kwa mkono wake, wewe ukiwa umesimama pale. Kisha chunguza nani anampiga huko nyumbani au mtaani. Afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo, na halipwi na wewe.

Mwalimu, ile 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure kweli? – wengi

Ni bure, hata simu ikiwa haina salio. Mnaniuliza kila mwezi. Mwambie mtoto aikariri, halafu umpe simu leo usiku aipige wewe ukisikiliza.