Nikizungusha bendi mikoani halafu ugonjwa ukaingia, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni promota mdogo hapa Tabata. Nimeshaandaa shoo tatu za mjini, sasa nataka kuzungusha bendi ya watu tisa kwa wiki mbili: tuanze Dar es Salaam, twende Morogoro, Dodoma na Iringa, tumalizie Mbeya. Mshirika wangu anagoma. Anasema corona ilitosha kutufundisha, ikija nyingine tutalia, na muziki wa kuzunguka umekwisha, siku hizi ni mtandaoni tu. Ni kweli? Kama si kweli, ziara inapangwaje ili janga likitokea nisifilisike? Na je, ninunue vile vipima joto vya getini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mshirika wako hofu yake ni ya haki, ila dawa anayoitaka ni ya ugonjwa mwingine. Nami niliungua mwaka ule ule anaoukumbuka yeye.

Machi 2020 nilikuwa na ziara ya miji sita. Mabango yamebandikwa, basi limelipwa, kumbi nne zimelipwa zote mpaka senti ya mwisho kwa sababu nilipewa punguzo nikaona nimepata. Machi 16 akatangazwa mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangaza kufungwa kwa shule na kusitishwa kwa mikusanyiko. Nilipokwenda kudai, mwenye ukumbi mmoja aliniambia pesa yangu imeshakuwa saruji, kama naitaka nije niiangalie ukutani. Tulicheka wote wawili, mimi nikacheka kidogo. Nilipotulia nikaona kwamba virusi havikunifilisi. Nilikuwa nimelipia mji wa sita kabla sijapiga shoo ya kwanza, basi. Hata mafuriko yangenifanyia vilevile.

Kwa hiyo panga ziara yako kila mji uweze kufa peke yake bila kuvuta mwenzake kaburini. Hiyo safari yako naikata mara mbili. Awamu ya kwanza ni Dar, Morogoro, Dodoma, kisha mnarudi nyumbani. Awamu ya pili, wiki mbili au tatu baadaye, ni Iringa na Mbeya. Mbeya iko zaidi ya kilomita 800 kutoka hapa, na kuibeba kwenye mkataba mmoja wa basi na Morogoro ni kutafuta matatizo. Awamu ya kwanza unaweza hata kuachana na basi: tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, tiketi za watu tisa unanunua safari kwa safari, spika na jenereta unakodi kule kule. Utalalamika kwamba mafundi wa kule si wako. Mtangulize fundi sauti wako siku moja kabla, akaonane nao.

Sasa mkataba, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo vijana wengi mnapoumizwa. Ipo dhana kwamba likitokea janga, sheria itakuokoa yenyewe. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 56, inasema mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani unakuwa batili. Asili ya wazo hilo inatuhusu sisi kabisa. Mwaka 1861 London, ukumbi wa muziki wa Surrey Gardens uliungua moto siku chache kabla ya tamasha la kwanza kati ya manne yaliyopangwa. Mpangaji akamshtaki mwenye ukumbi adai gharama za matangazo na maandalizi. Mwaka 1863 mahakama ikaamua kwamba ukumbi ukishakuwa majivu bila kosa la yeyote, wote wawili wamefunguliwa. Maana yake promota yule hakupata hata senti ya mabango yake.

Lakini soma neno lenyewe: haliwezekani. Serikali ikipiga marufuku mikusanyiko, shoo yako haiwezekani, hapo kifungu kinakusaidia. Ikisema ingizeni nusu ya watu, au mfunge saa 4 usiku, shoo inawezekana kabisa, ila ni ya hasara. Hasara si kutowezekana. Ukumbi utakudai, na bendi itakudai, na wote watakuwa na haki. Usiingie na lile neno la jumla la "mambo yaliyo nje ya uwezo wetu" ukadhani umejikinga. Andika kwa majina: amri ya kuzuia mikusanyiko, amri ya kupunguza idadi ya watu chini ya kiwango fulani, karantini, kufungwa kwa safari, kuugua kwa msanii mkuu. Kila moja uandike nani anapoteza nini. Mimi siku hizi nalipa asilimia 10 wakati wa kusaini, 40 siku saba kabla, na inayobaki mchana wa shoo, baada ya umeme kuwaka. Mwenye ukumbi akikataa, namwambia tarehe ihamie bure ndani ya miezi kumi na miwili. Wengi hukubali hilo upesi kuliko kurudisha fedha.

Pesa ya tiketi za awali iweke kwenye namba ya simu ya peke yake na usiiguse. Siyo yako mpaka mtu ameingia na kutoka. Ukilazimika kurudisha, makato ya kutuma ni mzigo wako, yatengee bajeti mapema.

Bima? Uliza, lakini soma kwanza ukurasa wa mambo yasiyofidiwa, maana baada ya 2020 kampuni nyingi duniani ziliyatoa magonjwa ya kuambukiza. Uingereza ilibidi serikali yenyewe iingie Agosti 2021 na mpango wa pauni milioni 750 kuwakinga waandaaji, na hata huo ulifidia kufutwa kwa amri ya serikali tu. Tiketi zikigoma kuuzwa, shauri lako.

Kuhusu ile nusu ya watu, wacha nikufanyie hesabu, kwa sababu neno "nusu" linadanganya. Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 50, yaani mita za mraba 2,000. Watu wakisimama wawili kwa kila mita ya mraba, umeingiza 4,000. Sasa wagawe kwa makundi ya watu wanne, kila kundi na kisanduku chake cha mita 3 kwa 3, na njia ya mita 2 kati ya kundi na kundi. Kila kundi linakula mita za mraba 25. Zinaingia familia 80, watu 320. Kwa kiingilio cha shilingi 10,000 umetoka milioni 40 ukaingia milioni 3 na laki mbili, na jenereta halijui kwamba watu ni wachache, linakunywa dizeli ileile. Newcastle, Uingereza, walijaribu hivyo Agosti 2020: vijukwaa 500 uwanjani, watu 2,500. Kulipendeza, kukapigwa picha, kisha masharti ya eneo lile yakabana na ratiba iliyobaki ikafutwa.

Kinachoweza kulipa ni kukaa. Badala ya usiku mmoja katika miji mitano, usiku tatu katika miji miwili, na Jumapili mchana uongeze shoo ya familia. Jukwaa umefunga mara moja, usafiri mara moja. Wazee watakwambia hili si jipya: bendi ya Sikinde walikuwa na ukumbi wao wa DDC Kariakoo, shabiki anajua siku, anajua mlango, bendi haimfuati. Zanzibar nako, Sauti za Busara ya Februari 2021 haikufutwa; ilifanyika siku mbili badala ya nne. Kupunguza siku ni ufundi, na waliupata wakati matamasha makubwa ya Ulaya yalikuwa yamefunga kabisa.

Jambo lingine: usipange kwa ajili ya "janga" kama vile ni kitu kimoja. Marburg ilipotokea Kagera 2023 na tena Januari 2025, njia yake ni kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Hapo unawaza mkoa gani na safari gani. Mpox iliyothibitishwa nchini Machi 2025 inapita zaidi kwa kugusana ngozi kwa ngozi, na pale mbele ya jukwaa unajua watu wanavyobanana. Kipindupindu ni maji, vyoo na mama wa chakula. Corona ni hewa. Ukijibu ugonjwa wa hewa kwa ndoo za kunawia mikono peke yake umefanya maigizo.

Hiyo ya hewa ilipimwa. Agosti 22, 2020, watafiti wa Ujerumani waliwaingiza watu wapatao 1,400 katika ukumbi mkubwa wa Leipzig, mwimbaji Tim Bendzko akapiga shoo tatu kwa siku moja, kila mtu kavaa kifaa cha kupima nani kasogeleana na nani, mikononi kapakwa kitakasa kinachong'aa kwenye taa maalumu ili ionekane kimeshikwa nini. Waligundua kwamba mfumo wa hewa ukiwa mzuri hatari inashuka sana, ukiwa mbovu inapanda sana. Machi 2021 Barcelona wakaingiza watu 5,000, wote wamepimwa siku hiyo na wamevaa barakoa, na hakukutokea mlipuko. Kumbi zetu nyingi za hapa mjini zina zile AC za ukutani. Zile hazileti hewa mpya. Zinapoza ileile mliyokwisha kuivuta. Unaona ukumbi wa baridi, kumbe mnapumuliana. Uwanja wa wazi wenye upepo wa bahari una thamani kuliko ukumbi wa zulia, hata mvua ikikutisha.

Na wanamuziki wako usiwasahau kwa kuwaangalia mashabiki. Machi 10, 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu ndani. Walihudhuria 61, wakaugua 53, wawili wakafa. Chumba cha mazoezi, kile cha Sinza kilichozibwa madirisha kwa magodoro ili jirani asilalamike, ni hatari kuliko jukwaa. Fanyeni uani. Tena mtafute mpiga ngoma wa pili anayezijua nyimbo, umlipe posho ya kukaa tayari, na rekodi ya kila chombo peke yake iwe kwenye kompyuta. Najua bendi hudharau wanaoimba juu ya CD. Siku mpiga besi akiwa karantini mtaiheshimu.

Mtandaoni? Juni 2020 BTS, kundi la muziki la Korea Kusini, walitazamwa na watu zaidi ya 750,000 kwa wakati mmoja, wamelipa. Wewe si BTS, na shabiki wa Tabata atakuuliza bando analipa nani. Uza mtandaoni kwa Watanzania walio nje: saa 2 usiku ya Dar ni saa 12 jioni London wakati wa kiangazi chao, muda mzuri kabisa. Uwe na laini mbili za mitandao tofauti, kila moja ikipandisha megabiti 10 kwa sekunde, usitegemee simu ya mtu. Chukulia hayo kama mapato ya pembeni, hayatailipa bendi ya watu tisa.

Vipima joto usinunue. Mwenye corona anaweza kuambukiza kabla hajapata homa, na aliyesimama foleni juani Mbagala atasoma nyuzi 38 akiwa mzima. Fedha hiyo nunua feni mbili kubwa za karakana, moja mlango wa mbele ivute hewa ndani, nyingine mlango wa nyuma itoe, na kipima kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua, kinachosoma namba. Nje kinasoma kama 420, yaani sehemu 420 katika kila sehemu milioni za hewa. Ukumbini kikivuka 800, fungua milango kabla hujamwambia msanii apande.