Re: Prosesa ya viini 8 itaongeza fremu maradufu?

Ndugu, hapana. Kutoka viini 4 hadi 8 (cores, sehemu za prosesa zinazofanya kazi) hakuzidishi fremu, yaani picha kwa sekunde, maradufu. Gemu nyingi zina uzi mmoja mkuu (thread, mfululizo wa kazi) unaopanga kazi ya kila fremu, kwa hiyo kasi ya kiini kimoja na ukubwa wa kashe (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) hutangulia idadi ya viini. Viini vya ziada hubeba sauti, fizikia, kupakia ramani, na programu yako ya maongezi ya Discord huko nyuma: utakachokiona hasa ni kukwamakwama kupungua.

Pima kwanza. Gemu ikiwa inaenda, bonyeza Ctrl+Shift+Esc kwenye Windows ili Task Manager ifunguke, ingia Performance, CPU, kisha ubadilishe grafu ionyeshe Logical processors. Usidanganywe na jumla ya 30%. Tazama kama kiini kimoja au viwili vimejaa huku kadi ya grafiki iko 60%: hapo prosesa ndiyo inayochelewesha. Kadi ikiwa 97%, prosesa haina kosa.

Prosesa ya AMD Ryzen 5 5600, viini 6 na nyuzi 12, yatosha. Ubao mama ukiwa wa aina ya B450, sasisha BIOS (programu ya ubao inayoiwasha kompyuta) kabla hujang'oa prosesa ya zamani, la sivyo huenda isiwake. RAM (kumbukumbu ya kazi), weka vipande viwili vya GB 8.

Na kwa joto la Malindi, puliza vumbi na ubadilishe pasta ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa. Prosesa ikifika kikomo chake cha joto, mara nyingi sentigredi 90 hadi 100, hujipunguza kasi yenyewe, iwe na viini 4 au 16.