Kumsindikiza mgonjwa katika siku zake za mwisho

Familia ninazokaa nazo hapa Mwanza, kuanzia Igoma hadi Kirumba, huniuliza kwanza wampe mgonjwa chakula gani ili apate nguvu. Swali hilo hutoka katika upendo, kwa hiyo hulijibu taratibu: mwili unaokaribia kukata roho hauhitaji tena chakula kama zamani, na kumlazimisha uji mtu ambaye kumeza kumemshinda kunaweza kumpalia na kumzidishia mateso.

Wekeni kijiko pembeni, mchukue kitambaa safi cha pamba, mkichovye katika maji ya kunywa na kukikamua, kisha mmpanguse ulimi na ufizi polepole na kumpaka mafuta kidogo midomoni. Nilimwona binti mmoja, aliyekuwa akimbembeleza mama yake kwa bakuli la uji wa ulezi huku wote wawili wakilia, akitulia alipoonyeshwa kazi hiyo. Mama alifumbua macho, akafungua kinywa mwenyewe kusubiri kitambaa kirudi.

Kuhusu maumivu, sina subira na woga wa mofini ya maji, dawa kali ya maumivu inayonywewa. Ikitolewa kwa kipimo alichoandika daktari, haimuui mgonjwa. Humwezesha kulala na kuzungumza na watu wake. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4, hata kama maumivu hayajarudi, na kwa kuwa hufunga choo, ombeni pia dawa ya kulainisha choo. Mnaomrudisha mgonjwa kisiwani Ukerewe kutoka hospitali ya Bugando, ulizeni kabla ya kuondoka wodini dawa itatosha siku ngapi na nani atafuata nyingine, kwa maana usiku wa manane hakuna meli ya kuwavusha kutoka Nansio.

Angali ana kauli, aulizwe mbele ya mzee wa ukoo anataka kuzikwa wapi, na kama kuna mtu anayetamani kumwona. Waelezeni pia walio nyumbani, watoto wakiwemo, kwamba miguu itapoa, pumzi itakatika na kurudi, na huenda koo likakoroma, ili wasidhani kwamba anakabwa.

Endeleeni kumwita baba, bibi au shangazi kama mlivyozoea, maana asiyejibu huenda bado anasikia. Mazungumzo ya michango na jeneza yafanyikie nje, mbali na dirisha lake.