Kikombe kilichovunjika, chenji iliyozidi, na maswali mengine ya malezi

Barua za mwezi huu zinafanana kwa jambo moja. Karibu kila mzazi anauliza afanyeje ili mtoto wake awe na tabia njema, na karibu kila mmoja anasimulia jambo dogo lililotokea jikoni, uani, dukani au njiani kuelekea shuleni. Nimefurahi kuyasoma mambo hayo madogo, kwa sababu ukweli, huruma na uwajibikaji mtoto hujifunzia humo humo. Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi na nimelea watoto wangu mwenyewe, na majibu haya nimeyapima kwa kazi zote mbili.

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka mitano. Juzi alivunja kikombe, nilipomuuliza akasema ni paka, na sisi hatufugi paka. Nilimchapa, lakini tangu siku hiyo uongo umezidi. Nimekosea wapi? (Mama, Tanga)

Dada yangu, mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anayesema uongo si mtoto aliyeharibika. Huo ndio umri anaoanza kutambua kwamba yaliyomo moyoni mwake mama hayaoni, na uongo wake wa kwanza ni njia ya kujaribu kama ni kweli. Hilo haliufanyi uongo kuwa mwema, ila linatuonya tusimwite mtoto "mwongo" kana kwamba ndilo jina lake, kwa maana jina analoitwa kila siku hatimaye huliitikia.

Kosa, kwa maoni yangu, lilianzia kwenye swali lako. Vipande ulikwishaviona sakafuni na aliyevunja ulimjua, kwa hiyo kuuliza "Nani amevunja?" kulikuwa kumtega. Mtoto aliyesimama mbele ya mtu mzima aliyekasirika, na fimbo iko karibu, anaona njia mbili tu: aseme kweli apigwe sasa hivi, au akane na huenda akasalimika. Safari nyingine sema unachokiona: "Naona kikombe kimevunjika. Kalete ufagio na kizoleo tuzoe, vipande vyenye ncha kali nitaviokota mimi." Akishazoa pamoja nawe, muulize ilikuwaje, na utashangaa jinsi ukweli unavyotoka bila kuvutwa.

Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliofanyika Afrika Magharibi, ambamo walilinganisha watoto wa miaka mitatu na minne kutoka shule mbili, moja ikichapa viboko na nyingine ikitumia makemeo na adhabu nyepesi. Kila mtoto aliachwa peke yake chumbani na kitu cha kuchezea alichokatazwa kukichungulia. Wengi wa shule zote mbili walichungulia. Tofauti ilionekana walipoulizwa, kwa kuwa watoto wa shule ya viboko walikana kwa wingi zaidi, na walikuwa hodari zaidi wa kuushikilia uongo wao walipoulizwa tena. Fimbo haikuwafundisha kusema kweli, iliwanoa ulimi.

Najua wapo watakaosema kwamba sisi tulichapwa na tukakua vizuri. Ni kweli tulikua, lakini kila mmoja wetu akumbuke kosa lake zito la utotoni na ajiulize alimweleza nani. Kenya iliondoa viboko shuleni mwaka 2001. Kwetu Tanzania kanuni za mwaka 2002 ziliviacha, kwa sharti kwamba visizidi vinne na vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Nyumbani hakuna daftari la kuhesabia, na ndiyo maana naomba fimbo iwekwe chini kabisa, hasa pale mtoto anapokuwa ameanza kusema kweli. Siku atakayokujia mwenyewe na kusema "Mama, nimevunja," mpokee kwa utulivu, hata kama kilichovunjika ni sahani ya wageni. Kuzoa atazoa na pole atasema, lakini ajue kwamba ukweli wake haukumletea kipigo.

Swali: Binti yangu wa miaka tisa alitumwa dukani akarudi na chenji iliyozidi kwa shilingi 50. Jua lilikuwa kali, nikamwambia abaki nazo. Mke wangu amenilaumu sana kwa fedha ndogo kama hiyo. Je, nimekosa? (Baba, Mombasa)

Ndugu yangu, mkeo ana haki ya kukulaumu, ingawa naamini hukukusudia ubaya. Mtoto alikuja na swali mkononi, nawe ukamjibu kwamba uaminifu hutegemea ukali wa jua na ukubwa wa fedha.

Nilipokuwa na umri kama wa binti yako nilitumwa mafuta ya taa jioni, nikarudi na noti moja zaidi, nikiwa nimeikunja ndani ya kiganja kwa furaha. Mama aliweka chupa chini, akaihesabu chenji mara mbili kwenye kiganja chake karibu na taa, kisha akaifunga ile noti kwenye pindo la khanga yake na kunishika mkono. Hakusema neno njia nzima. Tulipofika dukani alilifungua lile fundo, akanikabidhi noti mimi, na mimi ndiye niliyenyoosha mkono juu ya meza kuirudisha. Mwenye duka aliipokea, akaniuliza jina langu, na tangu siku hiyo hakuniita tena "we mtoto". Sikumbuki fedha ilikuwa shilingi ngapi. Nakumbuka kwamba mama hakuirudisha kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nenda naye leo, ingawa siku zimepita. Mwambie njiani kwamba wewe ndiye uliyekosea, na kwamba muuza duka akifunga hesabu jioni upungufu huo huutoa mfukoni mwake. Kisha mwache yeye azitoe. Na msiache kumtuma, kwa kuwa mtoto asiyekabidhiwa fedha hana mahali pa kujifunza kuirudisha.

Swali: Mkwe wangu huwalipa wajukuu zangu kwa kila kazi: kuosha vyombo bei yake, kufagia uwanja bei yake. Sasa nikimwomba mmoja wao aniletee maji ya kunywa, huniuliza nitampa nini. Niseme au ninyamaze? (Bibi, Morogoro)

Shikamoo, Bibi. Sema, lakini sema na mkwe wako faraghani, si mbele ya watoto, na usianze kwa lawama, maana nia yake huenda ni kuwazoesha kazi.

Unachokiona kimechunguzwa. Felix Warneken na Michael Tomasello walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa miezi 20, umri ambao mtoto ndiyo kwanza anakimbia bila kuanguka. Watoto hao walimsaidia mtu mzima kuokota kitu kilichomponyoka. Baadhi walipewa zawadi, baadhi wakasifiwa, na wengine hawakupewa chochote. Baadaye, waliozoeshwa zawadi ndio walioacha kusaidia zaidi kuliko wenzao. Hamu ya kusaidia walikuwa nayo tangu awali, na malipo yakaipunguza.

Hapa naomba niseme na wazazi wote, kwa sababu jambo hili linaniuma. Mtoto wa miaka miwili huja mwenyewe kuushika ufagio. Anataka kumenya vitunguu, anataka kubeba ndoo inayomzidi kimo, anataka kukanda unga wa chapati mpaka umjae nywele. Sisi tuna haraka, tunamwambia "Toka hapa, unanichelewesha," na kumwashia katuni. Akifika miaka kumi tunasema ni mvivu, tunaanza kumnunua kwa fedha au kumtisha. Mpeni ufagio mdogo. Mpeni kikombe cha kuchotea maji badala ya ndoo. Afagie vibaya, nanyi msirudie kufagia mbele ya macho yake, kwa maana hapo mnamwambia kwamba kazi yake ilikuwa mchezo. Mwenye miaka saba apewe jambo ambalo lisipofanyika nyumba nzima italiona: kuwapa kuku maji, kuhesabu sahani za chakula cha jioni, kumwamsha mdogo wake asubuhi.

Fedha ya mfukoni mtoto anaweza kupewa ili ajifunze kuitunza, ila iwe mbali na kazi za nyumbani. Na wewe Bibi, mjukuu akikuletea maji, usimpe shilingi. Mpe "ahsante" yenye jina lake, na mwambie kiu ilikuwa imekushika kweli.

Swali: Binti yangu amekuwa wa kwanza darasani tangu darasa la kwanza, nasi humsifu sana kwa akili zake. Muhula huu nimekuta karatasi tatu za majaribio amezificha chini ya godoro, na moja amebadilisha alama. Nimevunjika moyo. (Mzazi, Arusha)

Pole, lakini usimtazame kama mdanganyifu kabla hujalitazama lile sifa lenu. Mtoto anayeambiwa kila siku "wewe una akili" huanza kuilinda sifa hiyo kama mtu anayelinda mali isiyo yake, na alama ya chini inapokuja huiona kama hati ya kumnyang'anya. Claudia Mueller na Carol Dweck, katika utafiti wao wa mwaka 1998, waliwasifu watoto wa shule baada ya kufanya maswali, wengine kwa akili zao na wengine kwa bidii waliyoiweka. Kisha wakawapa maswali magumu, ambayo wengi waliyakosea, na wakawataka wawaandikie watoto wa shule nyingine kuwaeleza walivyofanya. Miongoni mwa waliosifiwa kwa akili, karibu wanne katika kila kumi waliongeza alama zao. Waliosifiwa kwa bidii waliodanganya walikuwa wachache zaidi sana.

Keti naye, zirudisheni zile karatasi mezani, na uanze na swali alilolikosa, si na alama aliyoibadilisha. Likishaeleweka, ndipo umweleze kwamba karatasi ile lazima aipeleke kwa mwalimu na kusema kweli, nawe utakuwa mlangoni ukimsubiri. Kuanzia hapo sifa zako zifuate alichokifanya: namna alivyorudia hesabu mara tatu, namna alivyouliza alipokwama.

Swali: Tunaishi Birmingham, Uingereza. Wanangu hawataki kuwaamkia wazee wanaotutembelea, husimama kimya tu. Wageni wanasema sikuwafunza adabu. (Mama)

Si kila kimya ni kiburi. "Shikamoo" ni salamu ya kujishusha mbele ya mkubwa, na huelezwa kuwa imetokana na maneno ya kushika miguu ya mtu. Waelezeni watoto maana hiyo, kwa kuwa neno wasilolielewa linakuwa mzigo mdomoni. Wafanyeni mazoezi wenyewe kwa wenyewe, nawe na baba yao muamkie wakubwa zenu kwenye simu watoto wakisikia. Kuwakaripia mbele ya wageni hakusaidii, huongeza aibu tu. Nasi wakubwa tuliopo huku na huko tujichunguze: mara ngapi tumeitikia "marahaba" bila hata kumtazama mtoto? Anayeinamiwa aiangalie sura iliyomwinamia, aulize habari za shule, na asubiri jibu.

Swali: Mtoto wangu wa miaka mitatu ni mchoyo, hataki mwenzake aguse gari lake la kuchezea. (Baba, Kigoma)

Ni mapema mno kumwita mchoyo. Katherine McAuliffe, Peter Blake na wenzao walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa watoto wa nchi saba kuhusu mgawo wa haki. Katika nchi zote, mtoto kukataa kupunjwa kulionekana, kwa kawaida katika umri mdogo. Lakini kukataa kupewa zaidi ya mwenzake kulichelewa sana, na kulionekana katika nchi tatu tu, Uganda ikiwa mojawapo. Haki inayotugharimu hujifunzwa, na huchukua miaka. Kwa sasa aachiwe kitu kimoja kilicho chake, na vilivyobaki viwe vya zamu. Kwa watoto wakubwa kidogo kuna njia ya zamani isiyoshindwa: embe ni moja, mmoja akate, mwingine awe wa kwanza kuchagua. Utaona kisu kinavyopimwa katikati.

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Kuna mwenzetu mgeni ana kigugumizi, na kila akisoma wanamwigiza. Nikimwambia mwalimu wataniita mmbea. Nifanye nini? (Dodoma)

Mwanangu, nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko zote. Mmbea hupeleka habari ili mtu apate matatizo. Wewe unataka mtu atoke kwenye matatizo. Mambo hayo mawili ni tofauti hata kama wenzako watayaita kwa jina moja.

Mwalimu mwambie, lakini si lazima iwe mbele ya darasa. Chagua wakati unapopeleka madaftari ofisini. Ikiwa wanampiga, au kuna mtu yeyote anayemuumiza na mkubwa mliyemweleza hakusikia, namba 116 hupigwa bila malipo kwa ajili ya watoto, Tanzania na pia Kenya. Akiongea nawe, subiri amalize neno lake mwenyewe, usimmalizie. Na ikiwa uliwahi kucheka pamoja nao, jambo ambalo hukuliandika na sikulazimishi kuniambia, mwombe radhi mkiwa wawili tu. Kesho kengele ya saa nne ikilia, mwite mkae pamoja kwenye foleni ya uji.