Imebaki Vifungo Tu

Wiki iliyopita dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku wa manane. Anataka kubadilika. Kila Januari anajiwekea malengo: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kusoma, kufanya mazoezi, kuweka akiba, kuacha kugombana na mawifi. Februari ikifika yote yameshakufa. Akaniuliza, "Dada, mwenzangu umewezaje?"

Nilicheka, halafu nikaona haya. Siku hiyohiyo mchana kuna binti aliingia kibandani kwangu na kitenge mkononi, nami nikashindwa kumtazama usoni. Kwa hiyo ngoja nimjibu kwa kisa cha huyo binti.

Mimi ni fundi cherehani, Tandika, Dar es Salaam. Wanaonijua leo wanajua nina mashine tatu na ovaloki, nina mabinti wawili ninaowafundisha kazi, na nina wateja wanaotoka Mbezi wakapita mafundi mia njiani mpaka kwangu. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo, nimevihenyekea. Lakini kabla ya hapo nilikuwa mwongo. Sikuwa mwizi, mshono wangu ulikuwa safi tangu zamani, ila nilikuwa mwongo wa kila siku, tena mwenye tabasamu.

Nilikuwa na majibu matatu. "Njoo kesho." "Imebaki vifungo tu." "Umeme ulikatika." Hilo la tatu ndilo la kuchekesha zaidi, maana cherehani yangu ya wakati ule ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu.

Hakuna mteja aliyeniletea kitambaa nikamwambia hapana. Niliona kukataa ni utovu wa adabu, na pia, niseme ukweli, niliitaka ile advansi. Gauni la mama mwenye mwili wake, lenye zipu na kitambaa cha ndani, lilinila saa 4 nzima. Kwa siku nilimaliza nguo 3. Sasa ikaja Ramadhani moja, zamani kidogo, kabla mifuko ya rambo haijapigwa marufuku mwaka 2019. Nikapokea nguo 131. Piga hesabu mwenyewe: 3 mara 30 ni 90. Tena hiyo 30 nilijipa mwenyewe. Kila Muislamu anajua mwezi una siku 29 au 30, na jioni ya ile siku ya 29 watu wote wanaangalia juu. Mimi nilihesabu 30 kila mwaka kwa sababu 30 ndiyo ilikuwa inanipendeza.

Mwaka ule mwezi ukaandama siku ya 29.

Mlio karibu na mafundi mnaujua usiku huo. Watoto wanapiga kelele mtaani, redio zimefunguliwa kila nyumba, na mlangoni kwa fundi kuna foleni kama ya maji. Wateja wengine walinitukana, sikuwalaumu. Baada ya sala ya isha akaja shoga yangu. Huyu tulikua pamoja, tulichezwa ngoma pamoja, mwanangu wa kwanza alimpokea yeye mikononi kabla hata baba yake hajafika. Aliniletea kitambaa cha mabinti zake watatu, sare, rangi ya zambarau. Wiki mbili nzima nilikuwa namwambia imebaki vifungo tu.

Usiku ule nikamwambia tena. "Shoga, imebaki vifungo tu, nenda nitamtuma mtoto."

Akapita pembeni yangu, akauona mfuko wake wa rambo chini ya meza, akaufungua. Kitambaa kilikuwa kimekunjwa vilevile alivyokileta, karatasi ya dukani bado imo ndani. Mkasi haujakigusa. Nilitamani apige kelele. Alikikunja upya taratibu, akakirudisha mfukoni, akasema, "Ungeniambia tu, shoga." Akaondoka nacho.

Asubuhi niliwaona wale watoto wakienda kuswali Idi na magauni ya mwaka uliopita. Yule mdogo mikono ya gauni ilikuwa inamwishia karibu na kiwiko. Tangu siku hiyo mimi na mama yao tumekuwa watu wa kupeana salamu misibani.

Miezi iliyofuata sitaisimulia, ilikuwa kulia na kushona. Nikanunua kaunta buku ya kwaya mbili. Zamani nilikuwa na daftari pia, lakini humo niliandika vipimo peke yake. Kifua, kiuno, nyonga, urefu, vyote kwa inchi, sikosei hata nusu. Siku ya kumaliza sikuwahi kuandika hata mara moja. Hebu fikiria: mtu anayepima kiuno cha mwenzake mpaka nusu inchi, lakini neno lake mwenyewe halipimi kabisa.

Basi dada yangu uliyeniuliza, tabia yangu ni hiyo moja tu. Naandika siku. Naandika mteja akiwa amesimama mbele yangu, namwonyesha, naye anaisoma. Nikiona ukurasa wa siku ile una nguo 3, namwambia, "Siku hiyo imejaa, mama." Akiniambia nimsaidie tu, namwelekeza kwa fundi mwingine nyuma ya soko. Mwanzoni wateja waliondoka wakisonya, na nilikaa miezi nikila advansi za watu wachache. Kuna mama mmoja alirudi baada ya mwaka mzima, akasema yule fundi mwingine kamzungusha wiki tano, "afadhali wewe uliyenikataa."

Na ikitokea nimechelewa, maana mtoto huugua na mashine hukatika sindano, napiga simu kabla ya siku yenyewe. Kabla. Ukipiga siku yenyewe unakuwa umeshamtoa mtu nyumbani kwake, amelipa nauli, amepanda daladala mbili.

Kuamka alfajiri, akiba, kusoma, hayo yalikuja yenyewe yakifuata nyuma. Ukiandika siku lazima uamke uitimize. Naona mnajaza malengo kumi kwenye karatasi nzuri huku mkipigiwa simu mnajibu "niko Tazara hapa naingia" na bado mnatafuta kiatu chini ya kitanda. Acheni. Mume anakuuliza chakula saa ngapi, unasema sasa hivi, na mkaa hujawasha. Mtoto anakuuliza utakuja shuleni, unaitikia ili anyamaze. Mtoto anahesabu, jamani. Mteja huhama fundi, mtoto atahamia wapi? Mnataka kuheshimika, mnataka biashara ikue, na neno lenu wenyewe mnaligawa bure kama pipi za maulidi. Andika siku. Ukishindwa, sema. Sina siri nyingine, na anayetaka kuniuliza ya kuamka mapema nitamjibu hilohilo.

Sasa yule binti wa wiki iliyopita. Ndiye yule mdogo, wa mikono mifupi. Amekuwa mkubwa, ana simu kubwa kuliko yangu. Akanisalimia shikamoo, akaweka kitenge mezani. "Mama anasema umshonee gauni la sendofu. Anasema utumie vipimo vyake vya zamani kama bado unavyo, ila kiunoni ameongezeka."

Ninavyo. Daftari lile la zamani sijalitupa. Nikafungua kaunta buku, nikaandika Alhamisi, nikamgeuzia asome. Akasoma, akaipiga picha kwa simu yake. Hilo liliniuma, sitaficha, maana nilijua ni nani aliyemtuma aipige.

Leo ni Jumanne. Gauni liko kwenye hanga, limepigwa pasi, vifungo sita vyote vipo. Mabinti wangu wananishangaa navihesabu tena na tena. Nangoja Alhamisi nione kama atamtuma mtoto au atakuja mwenyewe.