Dada, laini yako iwe kwa jina lako

Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, mimi nilikuwa bado sijajiandikisha NIDA kupata kitambulisho cha taifa. Kaka yangu akaniambia, "Usihangaike, mdogo wangu, natia kidole mimi." Akatia dole gumba kwenye kimashine cha wakala, tukaenda zetu nyumbani. Nilimshukuru, na hadi leo namshukuru.

Maisha yangu yote yakahamia kwenye laini ile: wateja wa vitenge WhatsApp, ukurasa wa Instagram, pesa za mchezo wa kina mama ambao mimi ndiye kijumbe. Mteja akituma pesa, jina linalomtokea ni la mwanamume. Nikazoea kusikia, "Mwambie bosi wako nimeshalipa." Bosi gani? Mzigo natoa Kariakoo mwenyewe, kwa miguu yangu. Lakini nilinyamaza, nikaona ni jambo dogo.

Kisha simu ikaibiwa kwenye daladala. Nikakimbilia dukani kurudisha laini, nikaweka kidole, mashine ikakataa. Dada wa kaunta akaniangalia kwa huruma: "Hii laini si yako, mpendwa. Mwenyewe aje." Mwenyewe alikuwa Mtwara, msimu wa korosho. Siku nne wateja wananiandikia, nami sioni kitu. Na kina mama wanasubiri zamu yao.

Kaka yangu ni mtu mwema, alipanda basi akaja. Jirani yangu hakubahatika hivyo: ndoa ilivunjika, laini ikabaki kwa jina la mume, na wateja wake wa keki wakapotea nayo.

Kwa hiyo nakuomba, leo hii piga *106# uone laini unayotumia ina jina la nani. Kama si lako, nenda na huyo mwenye kidole mkahamishe umiliki, wakati bado mnacheka pamoja. Usingoje ugomvi wala msiba. Ukishamaliza, washa uthibitishaji wa hatua mbili WhatsApp, ile namba ya siri ya tarakimu sita, na barua pepe utakayoweka iwe unayoifungua wewe. Mume akiuliza kulikoni, mweleze kwa upole: ni kazi yangu, nailinda.

Wiki niliyohamisha, mteja wangu wa Morogoro alituma pesa ya doti mbili. Dakika haikupita, akapiga: "Mama, kumbe duka ni lako?"

Nikamjibu, "Ni langu tangu mwanzo."