Kichwa kimeziba, hakijafa

Usinunue kichwa kipya cha printa yako ya wino (ile sehemu yenye vitundu vinavyorusha wino kwenye karatasi) bado, ssebo. Rangi nyeusi kutoka na mistari myeupe, kama unavyosema, baada ya printa kukaa mwezi mzima bila kazi ni wino uliokaukia kwenye vitundu hivyo. Chapa karatasi ya majaribio mara mbili: mapengo yakihamahama ni hewa, yakibaki palepale ni wino mkavu. Safisha kichwa kwa menyu ya printa mara mbili tu, tatu zikizidi sana, kisha iache mpaka kesho. Kila usafishaji unakunywa wino na kuumwaga kwenye sponji ya ndani, nayo hujaa.

Kama katriji yako ina vipande vya shaba mgongoni, kichwa kiko humohumo: ikandamize, upande wa vitundu chini, juu ya tishu yenye maji ya uvuguvugu mpaka iache alama nzito. Printa za tangi la wino, kama za Epson, usizifanyie hivyo.

Nimetengeneza printa nyingi karibu na Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, na mkosaji mara nyingi ni umeme: ukikatika katikati ya kuchapa, kichwa hubaki nje ya kifuniko chake na wino hukauka. Ukirudi, washa, halafu zima kwa kitufe cha printa, si ukutani.